Nyumba ya Joto Aliyojenga Shemeji

Mume wa dada yangu anajua kila kitu, na elimu yake yote ameipata akiwa amekaa kitini. Ana kazi kubwa Arusha, kazi ambayo mpaka leo hakuna mtu kwetu anayeweza kuieleza. Akija Dongobesh watu wazima wanainuka wampishe, naye anakaa bila kushukuru, kama mtu aliyerudishiwa kiti chake. Mimi, binti mdogo wa nyumba, nafundisha jiografia sekondari. Yeye huniita "mwalimu" kwa sauti ile ambayo watu hutumia kumwita mtoto mdogo "bosi".

Mama yetu alikuwa akiishi katika nyumba ya zamani, kilimani juu ya Dongobesh, nyumba ya udongo yenye kuta nene na jiko la mafiga ndani. Jioni ukungu huingia mpaka mlangoni. Baba alikuwa amefariki zamani. Mama alikuwa na ng'ombe wake, shamba la vitunguu saumu, majirani wa kusali nao, na magoti yaliyovimba. Hospitalini walimwambia ni baridi yabisi. Neno hilo ndilo lililotuletea balaa, maana shemeji alilisikia nusu. Alisikia "baridi", akaridhika.

Ilikuwa Desemba, wakati ambao wote walio mbali hurudi nyumbani. Tumemaliza kula, Mama anajisugua magoti kwa mafuta, shemeji akakohoa kile kikohozi chake cha kufungua kikao.

"Tatizo la Mama si magoti," alisema. "Tatizo ni mazingira. Huku kuna baridi, na dawa ya baridi ni joto. Hilo halihitaji digrii."

Dada alitikisa kichwa kukubali. Dada yangu alikuwa mtu mwenye maneno yake kabla hajaolewa. Siku hizi anatikisa kichwa.

"Nimepata eneo Yaeda Chini," akaendelea. "Nitamjengea Mama nyumba kule. Kule ni jangwa. Joto mchana, joto usiku. Miezi mitatu tu, Mama, utakuwa unaruka kamba."

Mama alicheka akafunika mdomo kwa kanga. Alifurahi. Hakuna mtu aliyewahi kumwahidi nyumba.

Nikasema, "Yaeda si jangwa, shemeji. Ni nyika kavu. Na hata ingekuwa jangwa, jangwa huwa na baridi usiku."

Wote walinigeukia kana kwamba nimecheua katikati ya sala.

"Mwalimu," alisema taratibu, "wewe umewahi kufika jangwani?"

"Sijafika."

"Mimi nimefika."

Ni kweli alifika. Ofisi yake ilimpeleka Dubai kwenye mkutano. Siku ya mwisho wakapakiwa kwenye magari mchana, wakazungushwa mchangani, wakapigwa picha na ngamia, na jua lilipoanza kuinama wakarudishwa hotelini kula. Picha hiyo ipo sebuleni kwake. Kati ya wale wawili, ngamia ndiye anayeonekana kufikiri. Usiku wa jangwa hakuuona hata dakika moja, lakini tangu siku hiyo kila mazungumzo ya joto, ukame, mchanga, hata ya vyakula vikavu, lazima yapitie kwake.

"Hayo yako ni ya kwenye vitabu," alimaliza, na kikao kikafungwa.

Nilijaribu kuongea na dada pembeni wakati tunaosha vyombo. Aliniambia, "Mdogo wangu, usianze. Watu wengine wanalaza mama zao kwenye nyumba za nyasi. Huyu anajitolea." Hilo ndilo kosa la watu wa kwetu. Mtu akitoa kitu, hakuna anayeuliza kama kitu chenyewe kinafaa.

Mwezi wa pili alinichukua kwenye gari lake twende tukaone ujenzi. Naamini alitaka shahidi. Tulishuka ile njia ya mawe kutoka Mbulu, gari linarukaruka, yeye akinieleza njia nzima jinsi ya kuendesha kwenye mawe. Tulipofika nilitafuta miti sikuiona. Eneo lile lilikuwa na migunga, najua, kwa sababu visiki vilikuwa bado vibichi na wafugaji wa jirani walikuwa wakibeba matawi kwenda kuzungushia maboma yao. Nyasi zote zilikuwa zimefyekwa na kuchomwa. Katikati ya uwanja mweupe ilisimama nyumba ya bati: bati juu, bati ubavuni, hakuna dari, sakafu ya saruji nyembamba.

"Kwa nini umekata miti?"

"Jangwa halina miti, mwalimu." Alisema hivyo bila aibu. "Kwanza miti inaleta nyoka. Pili inazuia jua. Mimi nataka jua liingie lote."

Kisha akainama, akaniambia niguse chini. Niligusa nikaondoa mkono upesi, udongo ulikuwa unaunguza kama kikaango. Uso wake uling'aa.

"Umeona? Sasa niambie, joto lote hili usiku linakwenda wapi?"

"Linakwenda juu."

"Juu wapi? Mbinguni?" Akacheka mpaka akashika kiuno. Mafundi waliokuwa wakipiga misumari wakacheka pia, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akiwalipa.

Nilichimba kwa kidole, kina cha kidole chenyewe tu, nikamwambia aguse pale. Hakutaka kuchafua mkono. Nilimweleza hivyo hivyo. Chini kidogo pale udongo ulikuwa wa baridi. Udongo mkavu haulipitishi joto kwenda ndani, nilisema, unalishika kwenye ngozi tu. Kwa hiyo ngozi inaungua mchana, na jioni ikifika ile akiba ndogo inaisha mara moja. Ardhi yenye maji na majani hutumia sehemu ya jua kukausha maji yake, ndiyo maana haiungui. Na usiku joto la ardhi hupanda kwenda angani. Penye mawingu na unyevu, kama kwetu kilimani, vile vitu hulishika na kulirudisha chini. Hapa mawingu hayapo, unyevu haupo, na nyasi zilizokuwepo umezichoma. Hakuna cha kulizuia. Mchana jua linashuka bila kizuizi, usiku joto linapanda bila kizuizi. Ni mlango ule ule.

Nafundisha mada hiyo kila mwaka, na kuna vijana wa kidato cha pili wanaoielewa huku wanasinzia.

"Bati nalo," nilisema, "ni jepesi kuliko udongo. Litapoa kabla hujamaliza ugali."

Alinitazama kwa huruma. "Ndiyo maana walimu hamwendelei," alisema. "Mnapinga kila kitu."

Njia nzima ya kurudi nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia Mama. Nilipoyapata nikamwambia, naye alinisikiliza vizuri hadi mwisho, kisha akaniuliza, "Na wewe umenijengea nini?" Sikuwa nimejenga kitu. Sikurudia tena.

Walimhamisha mwisho wa mwezi wa tano, mvua zilipokatika na njia ikapitika. Shemeji alisimamia upakiaji mwenyewe. Lile blanketi zito la Mama, alilopewa na Baba, alilitoa garini akalirudisha ndani. "Mama, kule litakusumbua tu," alisema. "Utalala na shuka." Sweta za sufu pia zilibaki. Ng'ombe walikabidhiwa kwa jirani. Dada akaenda kukaa naye kwa mwanzo, huku shemeji akirudi Arusha kupokea pongezi. Alituma picha ya nyumba kwenye kundi la simu la ukoo, na watu wakaandika amina, amina, Mungu akubariki mkwe wetu.

Mimi nilikuwa na mitihani ya kusahihisha. Dada alikuwa akipanda kilima kutafuta mtandao ili anitumie ujumbe. "Tunaendelea vizuri. Mchana kuna joto kidogo." Siku nyingine: "Mama anakohoa kidogo ila anafurahi." Namjua dada yangu. Neno "kidogo" kwake ni gunia unaloweza kutia ndani chochote.

Shule ilipofungwa nikachukua pikipiki mpaka Yaeda. Nilifika jua likiwa katikati. Mama nilimkuta nje, amekaa kwenye kivuli cha ukuta wa bati, kivuli chembamba kiasi kwamba miguu yake ilikuwa juani. Alikuwa amesogea nacho tangu asubuhi, upande huu na ule, kama kuku. Nilimsalimu, "Shikamoo, Mama," akaitika kwa sauti iliyotoka mbali. Midomo ilikuwa imepasuka. Niliingia ndani kuweka mzigo nikatoka mbio. Pale hapakuwa mahali pa kuweka mtu. Ungeweka mkate ungeiva.

"Kumbe mnakaa hivi?" nilimwuliza dada.

"Jioni panapoa," alisema, akatazama pembeni.

Alasiri tukasikia gari. Shemeji alikuwa amekuja kwa mwisho wa wiki. Nadhani aliambiwa nimeshuka, akataka awepo nitakapokiri kwamba nilikosea. Nilimwamkia, maana ni mkubwa wangu na mimi nimelelewa. "Marahaba, mwalimu," aliitika huku akijipangusa jasho kwa leso. "Umelisikia joto?"

"Nimelisikia, shemeji."

"Basi." Akageukia kwa Mama. "Magoti yanasemaje, Mama?"

"Yanashukuru, baba," alisema Mama. Sijui kama nilitaka kulia au kucheka.

Jua lilipozama nilikaa nje makusudi. Anga ilikuwa safi kabisa, hakuna wingu hata la kuonyesha kwa kidole. Tulikuwa hatujamaliza kula nilipoanza kuhisi ubaridi ukipanda kutoka sakafuni, kupitia kandambili. Ndipo bati zikaanza. Ta! Ta-ta! Mama alishtuka akaweka kijiko chini. Kumbe kila jioni alikuwa akidhani watu wanarusha mawe.

"Ni bati zinanywea, Mama," nilimwambia. "Zilipanuka mchana, sasa zinapoa."

Shemeji aliinuka, akaenda kwenye gari, akarudi amevaa jaketi. Si jaketi la kawaida. Lilikuwa lile nene la kujazwa manyoya, lenye kofia, la watu wanaopanda Kilimanjaro. Alikuwa amelibeba kutoka Arusha. Yaani mtu huyu, aliyemvua mama mkwe wake blanketi mlangoni kwake, alipopanga safari yake mwenyewe ya kwenda kwenye joto la mchana na usiku, mkono wake ulijua cha kubeba.

"Shemeji," nikasema, "jaketi la nini jangwani?"

"La upepo."

Upepo haukuwepo. Moshi wa jiko ulikuwa umesimama wima.

Baadaye akatangaza kwamba atalala garini ili alilinde. Alilinde dhidi ya nini hakusema. Dada akatazama sahani yake. Sisi wanawake watatu tukaingia ndani, tukamweka Mama katikati, tukamfunika shuka zake, kanga zangu, na koti langu la pikipiki. Alitetemeka hivyo hivyo. Kifua chake kilikuwa kikitoa mlio kama wa karatasi. Kila nilipomgusa mgongo ulikuwa unawaka, na miguu ilikuwa baridi kama ya mtu aliyevuka mto.

Nataka niwe mkweli hapa, kwa sababu kuna wajuaji wengine zaidi ya shemeji. Sisemi kwamba bondeni kuna baridi kuliko kilimani kwetu. Ukipima kwa kipimajoto, huenda kwetu ndiko kunakozidi. Lakini kwetu mtu hatoki kwenye tanuri la mchana akaingia kwenye baridi hiyo ndani ya ukuta wa bati. Kwetu mchana haupandi sana na usiku haushuki sana. Ukungu unafunika, ukuta wa udongo unatoa joto lake polepole, mafiga yana makaa mpaka asubuhi. Kilichompiga Mama ni lile shimo kati ya saa nane mchana na alfajiri, na alikuwa akitumbukizwa humo kila siku kwa wiki nzima na zaidi. Na "yabisi", kwa faida ya shemeji, maana yake ni kavu. Alimtoa kwenye ukungu akamtafutia baridi kavu yenyewe.

Dada aliniambia gizani, "Nilitaka kukuambia."

"Mbona hukuniambia?"

"Angesema nini?"

Nilikuwa na hasira nyingi kuliko nafasi ya kuziweka, na zilizobaki nikazitupia kwake pia, ingawa nilikuwa nimemshika mkono.

Kulipoanza kupambazuka nilitoka. Ardhi ilikuwa kavu, hata umande haukuwepo wa kulowesha unyayo. Nikasikia mngurumo mdogo. Nilidhani ni pikipiki ya mbali, kumbe ni gari la shemeji. Injini ilikuwa inafanya kazi, vioo vimefungwa isipokuwa kimoja kilichoachwa uwazi mwembamba, na ndani yeye amelala chali, kofia ya manyoya usoni, mashine ya joto ya gari inampulizia miguuni. Dizeli yote ile aliichoma kujipasha, umbali wa kurusha jiwe kutoka alipolala bibi kizee anayekohoa.

Nakumbuka sikuhisi hasira tena. Nilimwona mdogo sana, kama kitu kilichomwagika kwenye kiti. Nikagonga kioo kwa ufunguo.

Alifumbua macho. Akazima injini haraka, kana kwamba nisingeijua ilikuwa inawaka.

"Nilikuwa napasha injini," alisema.

"Iwashe tena. Toka, Mama anaingia."

"Kuna nini?"

"Kuna kichomi, shemeji. Toka."

Alitoka. Mara ya kwanza katika maisha yangu nilimwona akimpisha mtu kiti. Tulimbeba Mama mimi na dada, tukamlaza kiti cha nyuma, na nilipomvua shemeji lile jaketi hakubishana, aliinua mikono kama mtoto anayevuliwa fulana. Tulimfunika Mama nalo. Njia nzima ya kupanda Mbulu hakutoa somo lolote la kuendesha kwenye mawe.

Hospitalini daktari alisema ni nimonia, akasema tungechelewa kidogo mambo yangekuwa mengine. Mama alilazwa. Nilishinda naye, na dada alipika na kuleta. Shemeji alikuja kila siku amebeba maji ya chupa na matunda, akasimama miguuni pa kitanda, akatazama chupa ya dripu kwa makini kama mkaguzi. Siku ya tatu, Mama alipoweza kukaa, akamwambia, "Mama, unajua mabadiliko ya hali ya hewa siku hizi yameharibu kila kitu. Hata majangwa hayako kama zamani."

Nilitoka nje ya wodi.

Baada ya kuruhusiwa Mama alikuja kwangu, mjini Dongobesh, kwenye nyumba ya tofali yenye dari. Blanketi lake nililifuata kilimani. Alipona polepole. Magoti yako vile vile. Nilitegemea kwamba siku moja, tukiwa wawili, atasema neno juu ya mkwe wake, hata dogo. Nilimwandalia nafasi mara nyingi. Mwisho nikamwuliza waziwazi kama hamkasirikii.

"Alinijengea nyumba," alisema Mama huku akichambua maharage. "Ilikuwa mbaya. Lakini alinijengea." Akaniangalia. "Wewe una akili, mwanangu. Akili zako zina baridi."

Maneno hayo yalinikaa, sikatai. Lakini ukweli ni kwamba yeye alikuwa akichambua maharage hayo kwangu, na mapafu yake yalikuwa yanafanya kazi.

Desemba iliyofuata ukoo ulikutana kwangu. Shemeji alikalia kiti changu. Mjukuu mmoja wa Mama, anayesoma darasa la sita, aliuliza kwa nini waliambiwa shuleni kwamba jangwani usiku kuna baridi wakati mchana kuna joto. Nilifungua mdomo, lakini shemeji alikuwa ameshakohoa. Akaeleza. Udongo mkavu unashika joto kwenye ngozi tu, alisema. Hakuna mawingu, hakuna unyevu, hakuna majani. Mchana jua linashuka bila kizuizi, usiku joto linapanda bila kizuizi, ni mlango ule ule. Hakusahau hata bati.

Alieleza vizuri. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Alieleza vizuri kuliko ninavyoeleza mimi darasani, kwa mikono na kwa sauti, na mtoto akaelewa, na Mama akasema kwa furaha, "Mkwe wangu huyu ana kichwa!" Dada akatikisa kichwa. Nikaenda jikoni kugeuza nyama.

Bati za ile nyumba ziling'olewa, nyingine aliziuza, nyingine ziko kwa wafugaji. Uwanja umebaki na sakafu peke yake, na visiki vya migunga vimeanza kuchipua vyenyewe. Mwezi uliopita shemeji alinipigia simu. Ana wazo jipya, anataka kuchimba bwawa palepale afuge samaki, na akaniuliza, kwa heshima niliyoshindwa kuiamini, kama samaki wanaweza kustahimili hali ya kule.

Nilimwambia sijui. Sikuwahi kumwambia hivyo kabla. Nilimsikia upande wa pili wa simu akivuta pumzi kwa kuridhika, kisha akaanza kunieleza kuhusu samaki.